Mlonge, Antioksidanti na Kilichomo Ndani ya Chupa ya Maabara

Hapa Tanga unga wa majani ya mlonge unauzwa kwa maelezo kwamba unasafisha sumu mwilini, na siku hizi baadhi ya wauzaji wa Ngamiani wameongeza neno la kitaalamu, antioksidanti (kemikali inayotuliza molekuli haribifu mwilini), ambalo msingi wake ni wa kweli ingawa wanalibebesha kazi kubwa kupita ushahidi uliopo.

Seli zinapotumia oksijeni kupata nishati huzalisha pia radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo hunyang'anya elektroni kutoka kwenye mafuta ya utando wa seli, protini na hata DNA. Zikizidi uwezo wa mwili wa kuzidhibiti, hutokea msongo wa oksidesheni, unaohusishwa na kisukari na maradhi ya moyo. Mlonge una kwasetini na asidi ya klorojeniki, zenye uwezo wa kuzituliza radikali hizo.

Kipimo kinachopendwa maabara ni cha DPPH, radikali ya rangi ya zambarau ambayo hugeuka njano inapotulizwa na dondoo la majani. Ni kipimo rahisi, na majani mengi hufaulu, yakiwemo ya mpera na mwembe; binafsi ningeshangazwa zaidi na jani lililofeli. Lakini ndani ya chupa hakuna utumbo wala ini. Kwasetini inayoliwa hufyonzwa kidogo, hubadilishwa upesi, na kwa kawaida kiasi chake katika damu hakifiki maikromola 1 kwa lita, ilhali glutathioni, antioksidanti ambayo seli hujitengenezea, hufikia milimola kadhaa kwa lita ndani ya seli, yaani maelfu ya mara zaidi. Ndiyo maana watafiti wengi huelekeza macho kwenye Nrf2, protini inayoamsha vimeng'enya vya kinga vya mwili wenyewe, ambayo huenda ikachochewa na kemikali za majani.

Vidonge vya antioksidanti navyo vina historia yake. Mwaka 1994, matokeo ya utafiti wa Finland uliohusisha wavutaji sigara zaidi ya 29,000 yalionyesha kuwa waliopewa beta-karotini, mojawapo ya antioksidanti hizo, waliugua saratani ya mapafu zaidi ya wenzao.

Mlonge wa nazi mezani naula bila wasiwasi. Dondoo lililokolezwa ni jambo jingine, hasa kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa, kwa kuwa mlonge nao unaweza kushusha sukari. Amweleze daktari wake kabla ya kuvichanganya.