Funguo ya stoo ilikuwa safarini

Nianze na aibu yenyewe maana wengine mtaisikia kwa watu. Jumamosi moja tulifanya zoezi la dharura kanisani, mwezi mzima tumetangaza, mpaka ramani tumechora, na saa tatu asubuhi watu wamefika wamesimama mbele ya stoo ambayo ndani kuna madumu ya maji, mablanketi, boksi la huduma ya kwanza, tochi kumi na mbili, kila kitu, na mlangoni kuna kufuli. Funguo anayo mzee mmoja tu. Mzee kasafiri. Simu yake haipatikani. Na aliyeandika kwenye karatasi ya mpango kwamba "funguo iko kwa mzee" ni mimi mwenyewe, mratibu wa maandalizi ya dharura.

Watu walicheka na mi nikacheka, kile kicheko cha kuficha uso. Kuna mama mmoja huwa hana maneno mengi, akasema tu "basi tufanye kama ndo imetokea, maana ikitokea kweli huyu mzee anaweza akawa safarini vilevile". Tukaendelea bila stoo. Kila mtu alikuwa ameambiwa aje na begi lake la masaa 72, yaani vitu vya kumtosha siku tatu bila umeme, bila bomba, bila duka, kwa hiyo tukasema haya fungueni mabegi tuone.

Jamani mabegi ya watu yanachekesha. Mmoja alikuwa na Biblia tatu na hana maji. Mwingine ana tochi nzuri kabisa betri zimeoza ndani zimetoa ule unga wa kijani. Nusu ya watu wana chakula cha makopo na hakuna hata mmoja mwenye kifungulio, vifungulio viko sita na vyote viko ndani ya stoo (msiniulize). Kijana mmoja akaenda jikoni kwa kanisa akaleta nyundo na msumari, akatoboa makopo moja moja huku amekaa kwenye ngazi ya stoo, mchuzi umemrukia mpaka kwenye shati. Tukampigia makofi.

Sasa kwa nini siku tatu, maana hilo swali liliulizwa sana. Siku tatu sio namba ya kinabii. Janga likiwa kubwa vikosi vya uokoaji vinaenda kwanza palipoumia zaidi, na barabara zinaweza kuwa zimekatika, kwa hiyo wewe ambaye nyumba yako imesimama na hujavunjika mguu utasubiri, na utasubiri sana. Tetemeko la Kobe kule Japani, tarehe 17 Januari 1995, wengi waliotolewa kwenye vifusi wakiwa hai walitolewa na ndugu zao na majirani, kwa mikono na vifaa walivyonavyo nyumbani. Mi hiyo habari ndo ilinifanya nikubali huu uratibu, kabla ya hapo nilidhani ni kazi ya watu wenye hofu nyingi.

Halafu kuna jambo la hili neno kujitegemea lenyewe, yaani kila nyumba iwe na akiba yake. Kanisani kwetu lilikuwa linahubiriwa kwa namna ambayo mwenye nacho anatoka kifua mbele na asiye nacho anatoka ameinamisha kichwa, kama vile kukosa akiba ni dhambi ya kuungama. Kuna familia ziliacha kuja wiki za mada hiyo, mi najua kwa sababu yetu ilikuwa mojawapo, ule mwaka ambao sikuwa na kazi. Kwa hiyo nilivyopewa nafasi ya kuongea nilisema naomba tulifikirie kama foleni. Siku ya shida kuna foleni moja ya msaada na kila nyumba inayoweza kujishikilia siku tatu ni nyumba iliyotoka kwenye hiyo foleni, basi, ili mchungaji na mashemasi na wale wenye magari waende moja kwa moja kwa anayetumia mashine ya kupumulia. Unaweka maji yako ili usimzibie njia mwenzio. Hapo wazee wakatikisa kichwa kwamba hiyo inaeleweka.

Maji ndo mahali ambapo watu wengi wanajidanganya na nitakaa hapo kidogo. Kipimo kinachotumika sana ni kama lita 4 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia na kujisafisha kidogo, hiyo ni kubana kwelikweli, kuoga usahau. Familia ya watu watano siku tatu ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Sawa, lakini dumu la lita 20 lina kilo 20, na kwenye zoezi tulimwambia bibi mmoja anayeishi peke yake hebu onyesha utakavyomimina maji yako, akalishika dumu, akatuangalia, akalirudisha chini. Maji anayo na hawezi kuyanywa! Sa hizi tumemjazia chupa ndogondogo zimepangwa chini ya kitanda na anasema zinamfanya alale vizuri, sijui kwa nini.

Na kama maji yako hujui yametoka wapi, chemsha. Yakishachemka yale mapovu makubwa acha dakika moja kamili, ukiwa sehemu ya juu zaidi ya mita 2,000 acha tatu. Kama hakuna moto basi bulichi ya kawaida ya kufulia nguo isiyo na manukato, ile ya asilimia 5 au 6, matone mawili kwa lita, koroga, subiri nusu saa. Kama maji yana vumbivumbi chuja kwanza na kitambaa safi halafu weka matone manne. Soma chupa yako vizuri maana kuna zenye nguvu zaidi, hesabu ya matone inabadilika. Hii sehemu niliiandika kwa maandishi makubwa nikabandika ukutani na nikaambiwa mwandiko wangu ni kama wa daktari, ikabidi binti mmoja wa shule aandike upya.

Kitu kingine, mvua ilianza katikati ya zoezi na mtu akasema tuingize jiko la mkaa ukumbini tufunge madirisha. Hapana hapana hapana. Mkaa unatoa hewa ya monoksidi ya kaboni, haina harufu, haina rangi, unasikia kichwa kinauma na usingizi halafu ndo umeondoka. Jenereta vilevile, liwe nje na mbali na dirisha. Hapo nilipandisha sauti na siombi radhi.

Sasa orodha ya watu. Tulidhani stoo ndo kazi ngumu, kumbe stoo ni pesa na mashelfu tu, watu ndo kazi. Tulikuwa tumepanga nani anamfuata nani kama ni kuhama haraka na tulipoicheza kweli yule bibi wa chupa alifuatwa na magari matatu! Kila mtu alikuwa amejiandikia kumchukua bibi kwa sababu kila mtu anampenda bibi. Na familia moja inayokaa mbali kabisa, wageni kwenye ushirika, baba na mama na mapacha wachanga, haikufuatwa na mtu. Hawakulalamika. Walisubiri getini kwao na mabegi yao mpaka saa saba ndo mama akatuma meseji kuuliza kwa upole kama zoezi limeahirishwa. Ile meseji bado ninayo kwenye simu, siifuti.

Na mnyororo wa simu, ule wa mmoja anampigia mwenzie na mwenzie anampigia mwingine, ulikatika kwa ndugu yetu asiyesikia. Aliyepangiwa kumpigia akampigia kweli! Mara nne! Halafu akaripoti kwamba hapokei. Sa hivi anapata meseji, na kama mtandao umelala kuna jirani wa kwenda kumulika tochi dirishani kwake mara tatu, hilo wamekubaliana wenyewe na yeye ndo alichagua hizo mara tatu.

Kwa hiyo tumetengeneza daftari. La karatasi, maana simu inazima. Nani anachoma sindano ya insulini na inakaa kwenye friji, nani hawezi ngazi, nani nesi, nani fundi umeme, nani ana gari na linabeba wangapi. Watu wengine waligoma kuandika magonjwa yao na wana haki, tukakubaliana liko kwenye bahasha iliyofungwa kwa watu wawili tu na asiyetaka kuandika asiandike, amwambie hata mtu mmoja anayemwamini.

Kwenye darasa la Jumapili ndo tukapigana sasa, kwa maneno. Somo lilikuwa wale wanawali kumi wa Mathayo 25 wanaomsubiri bwana harusi usiku, watano wamebeba mafuta ya akiba ya taa zao na watano hawakubeba, na kijana wetu wa nyundo akasema mi hawa watano wenye busara siwapendi, wameombwa mafuta wamekataa, Ukristo gani huo. Darasa likagawanyika. Wengine wakasema mafuta hayagawiki, ni imani, wengine wakasema hapana kijana ana hoja, sisi tukiwa na unga na jirani hana tutamwambia nenda dukani usiku wa manane? Ikaendelea mpaka kengele ya ibada, halafu yule mama asiye na maneno mengi akasema: mi naona wenye busara kosa lao lilikuwa mchana. Walikuwa wote kumi pamoja kutwa nzima, wanaona wenzao wanabeba taa bila chupa, na hawakusema kitu. Hakuna aliyejibu. Mwalimu alifunga kitabu.

Mchana ndo sasa, nadhani alimaanisha hivyo. Manake nilikuwa nimesoma habari za wale akina mama wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wanaoitwa Wamormoni, kwenye hili suala la akiba wametutangulia sana hata kama mafundisho yetu ni tofauti. Mwaka 1876 kiongozi wao Brigham Young alimpa mama mmoja, Emmeline B. Wells, kazi ya kuongoza wanawake kuweka nafaka. Wakaokota masazo mashambani, wakachangishana, wakajenga maghala yao. Miaka inaenda, njaa waliyoiogopa kwao haikuja hivyo walivyodhani. Mwaka 1906 San Francisco ikapigwa na tetemeko na moto, unga ukatoka kwa hao akina mama. Mwaka 1918 Vita ya Kwanza ya Dunia imepamba moto wakaiuzia serikali ya Marekani zaidi ya busheli 200,000 za ngano (busheli ni kipimo chao cha nafaka). Yaani walijiwekea wenyewe na waliokula ni watu ambao hawajawahi kuwaona.

Kwa asiye na pesa ya kununua vya mwezi mzima kwa mkupuo, na wengi wetu ndo hivyo, hata Yusufu kule Misri hakuhifadhi vyote, ilikuwa sehemu ya tano ya mavuno. Sisi tunafanya hivi: ukienda kununua unachokula kila siku ongeza kimoja tu. Usinunue vyakula vya ajabu ambavyo watoto hawavijui, siku ya hofu mtoto hatajifunza ladha mpya. Andika tarehe, kipya nyuma, cha zamani mbele, kula cha zamani. Mchele mweupe mkavu ukifungwa hewa isiingie na ukae mahali pa baridi unadumu miaka mingi sana, ule wa kahawia una mafuta kwa hiyo unachacha ndani ya miezi. Na wale ambao hata hicho kimoja hakiwezekani mwezi huu, kikundi cha wanawake kina fungu lake na hakitangazi majina. Mambo ya akiba ya fedha na bima nitaandika siku nyingine, mi mwenyewe bado sijajipanga huko.

Mzee alirudi Jumatano. Nikaenda kwake kumweleza yote, funguo, mvua, bibi wa magari matatu, kijana alivyokaa kwenye ngazi ya stoo anatoboa makopo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake, akauliza, "Sasa kwa nini hamkuvunja kufuli?"

Nikabaki nimemwangalia. Watu arobaini na kitu, masaa matano, na nyundo tulikuwa nayo mkononi mita moja kutoka kwenye huo mlango.

Sa hizi funguo ziko tatu, moja anayo yule mama wa mapacha. Na chini ya majina ya wenye funguo kwenye karatasi ya mpango yule binti wa mwandiko mzuri ameongeza mstari: nyundo iko jikoni, droo ya pili.