Lebo ya Kampala, biti za Mburahati

Mtu akitaka nimweleze lebo huru ya muziki huanzishwa vipi na hukua vipi, simpeleki New York wala London. Namsimulia habari za Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lebo ambayo Mswahili hulitaja jina lake baada ya kutazama kwanza ni nani amekaa karibu, na ambayo kwa miaka michache imeziingiza biti za singeli za Mburahati, mtaa wa Dar es Salaam, katika maduka ya santuri ya Ulaya, ilhali wakazi wengi wa Mburahati yenyewe, kwa ninavyoona, hawajui kwamba lebo hiyo ipo.

Waanzilishi wake ni Arlen Dilsizian na Derek Debru, wageni wawili kutoka Ulaya waliokutana Kampala na kuanza kuandaa tafrija za usiku zilizoitwa Boutiq Electroniq. Mwaka 2015 tafrija hizo zilizaa tamasha kando ya Mto Nile huko Jinja, na mwaka 2016 ndipo lebo ilipoanza kutoa kazi, ikiwa na studio na nyumba ambamo wasanii kutoka nje ya Kampala waliweza kulala, kula na kurekodi. Mpangilio huo unastahili kuangaliwa vizuri. Wengi wetu huku tukipata fedha kidogo hununua kompyuta na maikrofoni, tunajenga studio, tunamsajili msanii, na mwisho kabisa ndipo tunapoanza kujiuliza nani atamsikiliza. Hawa walikuwa na wasikilizaji wanaocheza mbele yao kabla hawajawa na hata wimbo mmoja wa kuuza.

Miongoni mwa kazi za mwanzo ilikuwamo ya Disco Vumbi, ambaye ni Mkenya Alai K, lakini iliyoonyesha sura halisi ya lebo, kwa maoni yangu, ni Gulu City Anthems ya Otim Alpha, iliyotoka mwaka 2017. Otim Alpha, aliyewahi kuwa bondia, anatoka Gulu, kaskazini mwa Uganda, na nyimbo zake ni za harusi za Waacholi, zilizojengwa juu ya ngoma ya larakaraka. Vita vya miaka mingi viliwafukarisha watu wa huko, na kukodi kundi zima la wapigaji kwa ajili ya harusi kukawa mzigo mzito. Hivyo Otim na prodyuza Leo Palayeng wakaziingiza ngoma na nanga, ala ya nyuzi, ndani ya kompyuta, na mwimbaji mmoja akaweza kuifanya kazi ya watu kumi. Kufikia wakati huo nyimbo hizo zilikuwa zimekwisha kuchezwa harusini kwa miaka. Lebo haikumgundua mtu. Ilizikusanya, ikazichagua, ikazisafisha sauti, ikazipa jalada na maelezo, kisha ikazipeleka mahali ambapo Otim Alpha asingefika kwa miguu yake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa pia kwa singeli. Santuri ya Sounds of Sisso, iliyotoka mwaka huohuo wa 2017, ilikusanya kazi za Sisso Studio ya Mburahati: Bamba Pana, Makaveli, Dogo Niga, Sisso mwenyewe na wenzao. Kwa msomaji asiye wa Dar es Salaam, niseme kwamba singeli ni mtoto wa mchiriku na taarabu, aliyelelewa katika vigodoro, yaani ngoma za usiku za uswahilini, na kwamba mapigo yake huvuka 200 kwa dakika bila shida. Mchiriku ulipigwa kwa kinanda kidogo cha Casio na spika za kuunguruma, na lebo ya Crammed Discs ya Brussels ilikwisha kutoa albamu ya Jagwa Music mwaka 2012. Njia ya kwenda Ulaya, kwa hiyo, haikuwa ngeni kabisa. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mlango ulifunguliwa kutoka Kampala, na biti zenyewe zilitengenezwa na vijana kwenye kompyuta za kawaida kwa kuchukua vipande vya taarabu na kuvikimbiza hadi vikawa kitu kingine.

Kabla ya hapo singeli ilikuwa na mfumo wake wa usambazaji, tena wenye nguvu. Wimbo ulirekodiwa mchana, ukapigwa kigodoro usiku, na baada ya siku chache ukawa kwenye vibanda vya kurusha nyimbo, kwenye memori kadi za madereva wa bodaboda na kwenye flashi za daladala. Ulisambaa haraka kuliko lebo yoyote ingeweza kuusambaza, ila haukumletea prodyuza shilingi, na jina lake mara nyingi lilipotea njiani. Wanamuziki waliotangulia hawakuwa na hali bora zaidi, kwani msambazaji wa kanda alimlipa msanii mara moja kwa nakala mama, na mauzo yote yaliyofuata yakawa ya msambazaji.

Nyege Nyege Tapes iliutegemea mtandao wa Bandcamp, ambako mnunuzi hulipia albamu moja kwa moja na mtandao hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, kiasi kinachoshuka hadi 10 muuzaji akishapata mauzo makubwa. Kwa lebo yenye wasikilizaji wachache walio tayari kulipa, hesabu hiyo ina nafuu kubwa kuliko sehemu za senti zinazotokana na kusikilizwa mara elfu kadhaa katika Spotify, ambayo hata hivyo haikufunguliwa Tanzania, Kenya na Uganda hadi Februari 2021. Santuri na kanda hununuliwa na wakusanyaji, nayo maonyesho ya nje huleta fedha nyingine, endapo visa itapatikana, jambo ambalo prodyuza wa Mburahati hulijua vizuri kuliko wakala wake. Baada ya Sounds of Sisso ilikuja Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, kisha mwaka 2019 zikafuatana Tatizo Pesa ya Jay Mitta, Uingizaji Hewa ya Duke na Mateso ya Sisso.

Zitazame albamu hizo na utaona ni nani anayetajwa juu ya jalada. Ni prodyuza. Kigodoroni mambo ni kinyume: anayejulikana ni MC, anayewataja waliohudhuria, anayewatania mashemeji, anayelalamikia kodi ya nyumba. Mpita njia wa Manzese atakutajia Msaga Sumu na Man Fongo bila kufikiri, na huenda asimjue Bamba Pana. Msikilizaji wa Berlin asiyejua Kiswahili hawezi kucheka utani wa MC, kwa hiyo anabaki na kasi ya biti, na lebo imemhudumia huyo. Siilaumu kwa hilo, kwa kuwa ndiye anayelipa. Ila ninapowasikia watu wakisema kwamba lebo hii imeitangaza singeli duniani, huwa najibu kwamba imeitangaza nusu yake, na nusu iliyobaki Dar es Salaam ndiyo inayomfanya bibi harusi atoke nje kutunza.

Tamasha la Jinja lilipata misukosuko yake, likitishiwa kufungiwa na waziri wa maadili mwaka 2018 na kukataliwa na Bunge la Uganda mwaka 2022 kabla ya kuruhusiwa. Lebo iliendelea. Mwaka 2018 ilizaa tawi la Hakuna Kulala, ambalo Rey Sapienz, Mkongo wa Bunia anayeishi Kampala, ni mmoja wa waanzilishi wake. Humo ndimo zilimotoka kazi za Slikback wa Kenya, na Kubali ya MC Yallah, anayechana kwa Kiluganda, Kiluo, Kiswahili na Kiingereza. Mwaka 2022 Nyege Nyege Tapes yenyewe ikatoa Sounds of Pamoja, kutoka studio ya Duke, ambamo sauti za MC zimepewa nafasi kubwa zaidi, na niliifurahia kwa sababu hiyo.

Wengine wamekwisha kuhama, nami nalihesabu hilo kuwa ukuaji kuliko wingi wa albamu. Nihiloxica, kundi la Kampala waliotoa kazi yao ya kwanza hapo, waliipeleka albamu ya Kaloli kwa Crammed Discs mwaka 2020. Mwaka huohuo kundi la Duma la Nairobi lilitoa albamu yake kwa Nyege Nyege Tapes, na mwimbaji wake, Lord Spikeheart, baadaye akaanzisha lebo yake mwenyewe, Haekalu, ambayo mwaka 2024 ilitoa The Adept, kazi yake ya kwanza akiwa peke yake.