Mvinyo mwekundu wa Japani na sato wa kuchoma

Kanuni wanayoijua wengi ni samaki kwa mvinyo mweupe, nyama kwa mwekundu. Kwa mivinyo mizito ni sawa kabisa. Ila mvinyo mwekundu wa Japani wa zabibu ya Muscat Bailey A hauna ule ukakasi unaokausha ulimi, na sato wa ziwani anaupokea vizuri kuliko nyama choma yenyewe.

Zabibu hiyo ilizalishwa na mkulima Kawakami Zenbei, mkoani Niigata, mwaka 1927, kwa kukutanisha zabibu za Bailey na Muscat Hamburg ili apate mzabibu wa kuvumilia mvua na unyevu wa kwao. Siku hizi hulimwa sana mkoa wa Yamanashi. Harufu yake ni ya stroberi zilizopikwa na sukari, lakini mdomoni kwa kawaida ni mkavu na mwepesi. Usome lebo: tangu Oktoba 2018, chupa haiitwi "mvinyo wa Japani" mpaka zabibu zote ziwe zimelimwa hukohuko. Iliyoandikwa tu kuwa imetengenezwa Japani inaweza kuwa na zabibu za nje.

Mwanza chumba kikiwa na nyuzi 28, mvinyo wa joto la chumba ni kuuharibu. Pombe inapanda puani, na stroberi inageuka pipi. Unataka nyuzi 13 hadi 15: ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji, dakika 20 hivi. Barafu peke yake hupoza taratibu kwa sababu haigusi chupa yote. Kwa friji, weka karibu saa mbili.

Sato wa gramu 500 anatosha watu wawili. Angalia matamvua, yawe mekundu. Ukishampasua, kwangua ule utando mweusi wa tumboni, maana unaleta uchungu na mvinyo utauonyesha wazi. Mchanje mara tatu kila upande, paka chumvi nusu kijiko cha chai na maji ya nusu ndimu, mwache dakika 15, kisha mpanguse akauke. Akiwa na maji atang'ang'ania wavu.

Sosi: sosi ya soya vijiko 3 vya chakula, sukari 2, maji 1, na tangawizi iliyopondwa. Chemsha mpaka ishike kwenye kijiko. Choma kwenye mkaa ulioshapata majivu meupe, dakika 8 hivi kila upande, na sosi upake dakika 3 za mwisho tu. Ukiiwahisha, sukari inaungua na kila funda la mvinyo linakuwa chungu. Utamu na chumvi ya soya ndivyo vinavyoshikana na stroberi ya mvinyo. Sato wa chumvi na ndimu tupu analiwa, lakini havikutani hivyo.

Dagaa, hapana. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo ndiyo yanayoamsha shombo, yakikutana na mafuta ya samaki yaliyoanza kuchacha. Dagaa aliyeanikwa juani mafuta yake yameshafika huko. Mnywee bia. Sangara yuko katikati: mnofu wa mgongoni sawa, tumbo lenye mafuta liache.

Ugali wowote unafaa, hata wa muhogo. Matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) hapana, utamu wake unaufanya mvinyo uwe mchachu. Kachumbari iwe ya ndimu kidogo, bila siki, na pilipili kaa nayo mbali, kwa kuwa pombe inauchochea ule moto.

Ukipata chupa iliyolazwa kwenye mapipa ya mwaloni (mti, si soko letu la Mwaloni hapa Mwanza), hiyo ina vanila na moshi kidogo. Ipeleke kwenye mishikaki. Kinachobaki kifunge na kukirudisha kwenye friji. Siku mbili kitakuwa bado kinanyweka, ya tatu kimalizie kwenye rosti ya maini.