Kisima changu na baruti za machimboni

Tuliposikia kwamba kilima cha jirani kitalipuliwa ili kupata kokoto, niliwahi kupima kisima changu kabla baruti ya kwanza haijawashwa. Ukilalamika baadaye bila vipimo, utaulizwa tu: una ushahidi gani kwamba maji hayakuwa hivi tangu zamani?

Nilifunga kipande cha chuma kwenye ncha ya utepe wa kupimia, nikaupaka chaki sehemu ya chini na kuuteremsha alfajiri, pampu ikiwa imepumzika, maana baada ya kuvuta maji kina hudanganya. Chaki ikilowa, unaona maji yalipo. Kina nikakiandika daftarini, pamoja na muda wa kujaza tangi na siku za mvua. Sampuli ilikwenda maabara kupimwa vijidudu na nitrati.

Nitrati niliitaka makusudi. Baruti nyingi za machimboni ni ammonium nitrati iliyochanganywa na dizeli, na ile isiyoungua yote huyeyuka kwenye maji na kuzama ardhini. Nitrati haina rangi wala harufu. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwa mvuke, ndiyo kwanza inakolea. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita, hasa kwa kuwalinda watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo.

Milipuko ilipoanza, maji yalitoka na rangi ya kutu. Majirani wakasema kisima ndiyo basi tena. Nilizima pampu, tope likatua, maji yakarudi kuwa safi. Mtetemo hupukutisha kutu ya bomba na udongo ulioganda kwenye nyufa za mwamba, na mara nyingi hali hiyo haidumu.

Kilichonitia wasiwasi hakikuwa na kishindo. Maji yalizidi kushuka kisimani, hata wiki ambazo hawakulipua, hata mvua iliponyesha vizuri. Nikaacha kuilaumu baruti: shimo lao lilikuwa limepita chini ya usawa wa maji yangu, na pampu zao zililikausha usiku na mchana, zikiyavuta na maji yangu.

Nilikwenda na daftari. Msimamizi akaanza kunieleza kwamba mtetemo wao haukuvuka kiwango, akitaja milimita kwa sekunde, kipimo cha kasi ya mtetemo wa ardhi. Nikamwambia sina ugomvi na mtetemo. Naomba kujua mnavuta maji kiasi gani. Hapo tukaelewana haraka kuliko nilivyotarajia. Waligharimia kushusha pampu yangu chini zaidi, na vipimo vya nitrati sasa wanavilipia wao, lakini sampuli nachota mwenyewe.