Mpira wa chini wa rejeta: Land Rover Series III yenye injini ya Toyota

Ikisimama inaunguruma tu, gari haichemki. Ukikanyaga mafuta mlimani, geji inapanda. Mpira wa chini, bomba linalotoa maji kwenye rejeta kwenda kwenye pampu, ulikuwa unanywea, maana pampu ya maji huvuta upande huo.

Mpira wa Land Rover haukufika kwenye pampu. Wa Toyota haukuingia kwenye rejeta. Ule wa mikunjomikunjo ulienea, ila nao ulinywea.

Kilichofaa ni waya. Nilikunja waya mnene kufuata njia ya mpira, shingo hadi shingo (pale mpira unapovikwa kwenye rejeta na pampu), nikapima kipenyo cha nje cha shingo zenyewe: 38 mm kwenye rejeta, 32 mm kwenye pampu. Usipime mpira mzee, huwa umetanuka. Dukani nililinganisha waya na mipira ya gari lolote (jina la gari halisaidii hapa), nikakata kipande cha 38 chenye mkunjo uleule. Upande wa pampu: kiungo cha alumini cha 38 kwa 32, kisha kipande kifupi cha mpira wa 32. Klempu ikae nyuma ya ukingo wa shingo, si juu yake.

Ndani ya mpira nikapitisha springi ya chuma kisichoshika kutu. Bila hiyo utanywea tena. Uache ulegee kidogo, injini hutikisika.