Mazishi ya Waya

Programu za mazishi huku kwetu zina mtindo mmoja. Jalada lina picha ya marehemu, ndani kuna ratiba ya ibada, halafu historia: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliolewa na nani, alijaliwa watoto wangapi. Agosti 2012 kamati ya mazishi ilinipa mimi kazi ya kuandika historia ya Waya, dada mkubwa wa baba, na nilipofika kwenye "aliolewa na" kalamu ikagoma.

Waya aliolewa akiwa msichana mdogo. Ndoa ikavunjika, ng'ombe wa mahari wakarudishwa, naye akarudi kwao Kano, upande wa Ahero, bila mtoto. Akasomea uuguzi. Alifanya kazi hadi kustaafu katika hospitali kuu ya Kisumu, ile iliyofunguliwa mwaka 1969 na ambayo wazee mpaka leo wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Wodi ya kujifungulia ndiyo iliyokuwa makao yake. Mshahara wake ndio uliotulipia karo sisi watoto wa ndugu zake, na viatu vyangu vya kwanza vya shule ni yeye aliyeninunulia sokoni Kibuye, akanipiga marufuku kuvivaa siku isiyo ya shule.

Baba mdogo alitaka niandike kwamba hakujaliwa watoto, ili watu wasibaki wakiulizana. Nilikataa.

"Baba," nikamwambia, "tuna kurasa nane tu. Sitatoa hata mstari mmoja kutangaza asichokuwa nacho."

Alinyamaza, halafu akasema basi niandike ninavyojua, ila nisisahau kwamba alikuwa mwimbaji. Nikaandika. Alikuwa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa tangu kabla sijazaliwa, na alikuwa akitoka zamu ya usiku Jumapili asubuhi, anapanda matatu, anaingia kanisani na sare yake nyeupe chini ya joho la kwaya.

Suala la kaburi lilikuwa zito kuliko historia. Kwa desturi ya Wajaluo, binti mtu mzima ambaye hana mume hazikwi ndani ya boma la baba yake. Huzikwa nje ya ua. Baba alitaka Waya alazwe kando ya mama yao, na kasisi wetu alimuunga mkono, akisema kwamba aliyebatizwa hana nje wala ndani mbele za Mungu. Wazee wa ukoo walimsikiliza kwa heshima, kisha mmoja wao akataja kesi ya S.M. Otieno. Ikitajwa hiyo kwetu, mjadala umekwisha. Mwaka 1987 Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo wa Umira Kager haki ya kumzika wakili huyo kwao Nyalgunga, Siaya, ingawa mjane wake, Wambui, alikuwa amepigana kortini kwa miezi akitaka amzike karibu na Nairobi. Kama mjane wa wakili alishindwa, sisi ni nani? Baba hakutaka maiti ya dada yake ikae mochari huku watu wakigombana. Akakubali achimbiwe nje, hatua chache tu kutoka kwenye ua wa minyaa.

Nilikasirika sana, na hasira ile sijaijutia. Mwanamke aliyepokea nusu ya watoto wa kijiji kile mikononi mwake alikuwa anawekwa nje kama mgeni.

Jumamosi watu walifurika mpaka hema halikutosha. Udongo wa Kano ni ule mweusi, unashika maji, na asubuhi ile vijana walikuwa bado wanachota maji kaburini kwa ndoo huku ibada ikiendelea. Nilisoma historia bila kuinua macho. Nilipomaliza, wauguzi waliokuja kutoka Kisumu wakasimama mistari miwili kando ya jeneza, na mmoja wao, mama mstaafu, akaomba kipaza sauti. Alikuwa ameshika saa ya muuguzi, ile ya kubana kifuani inayoning'inia kichwa chini, ili anayeivaa aisome huku ameshika mkono wa mgonjwa. Kioo chake kilikuwa na ufa. Akasema Waya alimwachia siku aliyostaafu, na kwamba kwa saa ile alikuwa akihesabu mapigo ya mama huku anamwimbia tenzi kwa sauti ya chini, na wanawake waliojifungulia zamu yake walikuwa wakirudi kuuliza wimbo ule unaitwaje. Kisha akampa saa binamu yangu, ambaye mwaka ule alikuwa ameingia chuo cha uuguzi. Binamu yangu akaivaa palepale, na hakuivua hata wakati wa kurusha udongo.

Tukamzika nje ya ua, kama wazee walivyotaka.

Jumatatu wageni walipokwisha kuondoka, baba alituita sisi vijana, akachukua panga. Akaanza kukata vijiti vya minyaa, akituonya tusijipanguse macho, maana utomvu wake unachoma vibaya. Mnyaa hausumbui, ukichomeka kijiti ardhini kinashika. Tulipanda mstari mpya kutoka pembe ya ua wa zamani, tukalizunguka kaburi, tukarudi kwenye pembe ya pili. Halafu akafyeka ule ua wa katikati.

Mzee aliyetaja kesi ya Otieno alipita jioni, akasimama akiegemea fimbo, akauliza tunafanya nini.

"Mlisema azikwe nje, tukamzika nje," baba akamjibu. "Sasa napanua boma langu."

Mzee alitembea taratibu kufuata vile vijiti mpaka mwisho, akaking'oa kimoja kilichopinda, akakipanda upya kikiwa wima. Akasema boma ni la baba, naye ndiye anayejua linaishia wapi. Kisha akauliza kama chai iko tayari, tukaingia ndani sote.