Neno nililomsomea bibi

Jana jioni kitinda mimba wangu alikuwa mezani na daftari lake la Kiingereza, anakariri: "I am fine, I am fine." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Mama, hii fain na ile faini ya trafiki aliyopigwa baba ni ndugu?"

Nilikuwa nachambua mchicha. Nikauacha.

Nikamjibu kwamba ndiyo, ni ndugu. Hiyo ilikuwa nusu ya jibu. Nusu nyingine iko Old Moshi, kwa bibi, chini ya migomba, mwaka 1993.

Ilikuwa likizo ya Juni na mimi nilikuwa darasa la tano. Kila asubuhi mwalimu alipoingia tulisimama darasa zima tukamwimbia kwamba sisi ni fine na tunamshukuru. Kwa Kiingereza chote cha miaka ile, hilo ndilo neno nililokuwa na uhakika nalo. Mengine niliyakariri, hilo nililijua.

Bibi alikuwa anapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Aliyewahi kuipika anajua si kazi ya siku moja. Ndizi mbivu zinachemshwa muda mrefu, zinaachwa siku kadhaa. Ulezi unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji. Ndipo viwili hivyo vinakutana, na msesewe kidogo wa kutia uchungu. Aliuza kata kwa kata kwa watu waliokuwa wakipanda kutoka soko la Kiboriloni, na sare zetu za shule zilitoka humo. Leseni hakuwa nayo. Siku hiyo walikuja wanaume wawili, wakaonja, wakachota kibuyu kimoja wakasema wanakwenda kukipima, wakamwachia karatasi, wakaondoka. Sikuwakuta. Nilikuwa mfongoni, kwenye mfereji wetu, nateka maji.

Niliporudi alikuwa amekaa kwenye kigoda akinisubiri.

"Tua maji, uje unisomee."

Kabla ya kuishika ile karatasi alifuta mikono kwenye kanga, akaitazama, akaifuta tena. Ilikuwa karatasi nyembamba, fomu ya chapa ya Kiingereza, na mapengo yake yamejazwa kwa kalamu ya bluu. Aliitandaza juu ya magoti na kuinyoosha kwa kiganja kama mtu anayenyoosha kitambaa cha meza siku ya wageni. Nilipiga magoti kando yake. Mikono yake ilinuka ndizi zilizochemshwa na moshi. Mwandiko ulikuwa wa haraka, herufi zimelaliana. Nililiona jina lake, limekosewa herufi moja. Nikaona tarehe. Kisha, karibu na mwisho, neno lililochapwa kwa herufi kubwa, FINE, na mbele yake tarakimu: 3,000/=.

"Fain," nikasoma kwa sauti.

Bibi akainua kichwa. "Faini?"

"Hapana, bibi. Fain."

"Ndiyo hiyo. Faini."

"Faini ni ya Kiswahili, bibi. Hii ni ya Kiingereza. Maana yake nzuri. Hata shuleni tunasema hivyo kila siku."

Alinitazama. Jogoo alipita katikati yetu na mfereji, akaparura, akaondoka, na bibi bado ananitazama. Sijui kama nilitazamwa hivyo tena maishani. Sikuona hasira wala shaka machoni mwake. Alikuwa kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa, na mtu wa ndani aliye karibu zaidi na mlango anamwambia hakuna aliyegonga.

"Nzuri," akarudia polepole. "Na hizo elfu tatu?"

Hilo sikulijua. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kujua, sikuweza kusema sijui.

"Ndivyo walivyoithamini mbege yako. Wameonja, wameona ni nzuri."

Akaikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Ahsante, mjukuu wangu," akasema. "Umesoma." Akanichagulia ndizi iliyoiva vizuri kuliko zote kwenye mkungu.

Likizo ikaisha, nikarudi mjini. Kabla ya Agosti wale watu walikuja tena. Walichukua pipa la kupikia na sufuria mbili, na deni likawa mara mbili. Mbuzi mmoja akauzwa. Baba mdogo ndiye aliyeleta habari nyumbani kwetu, jioni, akiwa bado amesimama mlangoni, na alipotamka "faini ambayo mama hakulipa" nililiona lile neno la herufi kubwa kama limewekwa mbele yangu. Sikula. Hakuna aliyeuliza kwa nini, maana hakuna aliyejua nani alimsomea.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Old Moshi. Pale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, nilichuma jani la isale, kama nilivyowaona wakubwa wakifanya mtu akimkosea mwenzake. Nilimpelekea kwa mikono miwili na maneno yote niliyoyapanga njiani yakanikimbia. Bibi alilipokea. Alilishika muda, akalizungusha kwenye vidole.

"Ulisoma vizuri," akasema. "Wao ndio walioandika vibaya."

Akalichomeka juu ya mlango, na hatukulizungumza tena.

Nikiwa chuoni nililitafuta lile neno kwenye kamusi kubwa ya maktaba, moja ya zile zinazoeleza asili ya maneno. Nilitaka kujua walikutanaje, zuri na adhabu, katika herufi nne zilezile. Nikakuta wote wametoka kwenye neno moja la Kilatini, finis, yaani mwisho, wakapitia Kifaransa cha zamani. Fine ya uzuri ni kitu kilichofikishwa mwisho wake, kikakamilika, ndiyo maana Waingereza huita hivyohivyo unga uliosagwa ukalainika. Fine ya adhabu ni malipo ya kumaliza shauri, ili pande mbili ziachane. Fainali ya mpira nayo ni ya ukoo huohuo, na "fainali uzeeni" tunayoisema kila siku. Nilifunga kamusi nikalifikiria lile jani juu ya mlango. Wachaga tuna jani la kumaliza shauri, wao wana neno, na bibi siku ile aliletewa neno kwa lugha asiyoisoma, akasomewa na mtoto wa miaka kumi na moja.

Kwa hiyo mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, wengi walijadili kama kina msamiati wa kutosha. Mimi niliwaza kuhusu neno moja tu. Faini. Lingeandikwa kwa herufi moja zaidi, sauti ileile, bibi yangu angelijua hata kwa kulisikia likisomwa vibaya. Alilijua! Alilitamka mara mbili mbele yangu, na mara zote mbili nikamrekebisha. Jambo hili linaniuma kuliko pipa na kuliko mbuzi. Nilikuwa nimetumwa shule nijue zaidi yake, na siku ya kwanza niliyohitajika nilimfanya aliache alilolijua.

Ndivyo nilivyoamini, mpaka siku ya msiba wake.

Baada ya mazishi tulikaa uani na baba mdogo, watu wamepungua, na yeye akawa anakumbuka hili na lile. Akasema mama yake hakuwahi kumwomba pesa isipokuwa mara moja, mwaka ule wa pipa. Alimjia kwake usiku, mwezi Juni, kwa miguu, kuuliza kama anaweza kumkopesha elfu tatu. Hakusema za nini. Baba mdogo hakuwa nazo.

Nikamuuliza usiku upi. Akasema hakumbuki tarehe, ila anakumbuka mama yake alisema amenichelewesha kulala kwa kunisomesha makaratasi.

Labda zilikuwa za ulezi. Ulezi ulikuwa ghali mwaka ule.

Mtoto wangu ameshafunga daftari. Ameandika pembeni kwa penseli, "fain + faini = ndugu", na leo asubuhi ameuliza ni yupi mkubwa.